Samaki wa majaruba, dukani kwa fundi cherehani

Kuna wateja wanaingia dukani kwangu kuchukua nguo, halafu wanaondoka bila nguo. Wanasimama mbele ya tangi, wanaangalia, simu inaita, wanatoka. Jioni wananipigia: "Mama Glory, lile gauni limeisha?" Limeisha tangu asubuhi, mpendwa, ulikuwa umeliegemea.

Swali linalofuata huwa ni lile lile. "Hawa umewaagiza Dar?" Nikisema nimewatoa Mabogini, hapa hapa Moshi, kwenye mifereji ya mpunga, mtu ananitazama kama nimemdanganya bei ya kitenge. Mzee mmoja jirani, mkulima wa huko huko, aliinama akawachungulia vizuri, akacheka mpaka akakaa kwenye benchi: "Mama, hawa si wale vidagaa wa kwenye majaruba? Hawa tunawakanyaga!" Nikamwambia ndio hao. Akaniuliza kama ni wa kukaanga au wa kuangalia tu.

Wa kuangalia tu. Na kwa kuwa kila siku naeleza upya huku nina pini mdomoni, leo naandika yote, anayetaka asome.

Tuanzie kwenye samaki wenyewe, kwa nini hawa na si wale wa kununua. Samaki wa dhahabu wanaouzwa mjini wanapendeza, sikatai. Lakini yule ni samaki wa China, amefugwa kule kwa zaidi ya miaka elfu moja, na akitunzwa vizuri anazidi kiganja cha mkono. Anakula sana na kuchafua sana. Sasa mtu anamweka kwenye bakuli la kioo juu ya friji, anakufa baada ya wiki mbili, tunasema samaki hawafugiki. Wale wadogo wa rangi rangi, wenye asili ya Amazoni, nao wanataka hita, maana Moshi ya Juni na Julai si mchezo. Usiku unajifunika blanketi mbili na maji ya ndoo asubuhi yanauma vidole. Hita inataka umeme usiokatika. Mimi nina cherehani mbili, ovaloki na pasi kwenye luku moja. Sihitaji kiumbe mwingine wa kulishwa yuniti.

Samaki wa mfereji wa Mabogini hahitaji hita. Baridi ya hapa anaijua, joto la Februari analijua, maji yanayoshuka kutoka mlimani ndiyo aliyozaliwa nayo. Msimamo wangu ni huo: samaki na maji watoke mahali pamoja. Ukilishika hilo, nusu ya taabu imekwisha. Wifi yangu yuko upande wa Arusha, anataka nimpelekee wa kwangu. Nimekataa, na bado ameninunia. Maji mengi ya kule, kwa sababu ya miamba ya volkano ya Mlima Meru, yana floraidi nyingi na magadi. Ndiyo maana watu waliokulia maeneo yale wana meno ya kahawia. Samaki wa vijito vya kule wamezaliwa humo, wamezoea. Wa kwangu nimtoe kwenye maji laini ya Moshi nimtupe kule ili iweje? Atafute wa kwao.

Haya, tangi. Nilichora kwenye karatasi kama ninavyochora patani: urefu sentimita 80, upana 35, kimo 40. Ukizidisha unapata lita 112, lakini ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, maji yenyewe ni kama lita 90. Nikaenda kwa mafundi wa alumini na vioo. Kioo cha milimita 6 kinatosha kwa kimo hicho. Mwambie fundi asugue kingo zote, la sivyo utajikata kila ukiosha. Silikoni ndiyo yenye mtego. Zile za bafuni na jikoni mara nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo inaua samaki. Tafuta silikoni tupu, isiyo na dawa, ile ambayo ikiwa mbichi inanuka siki. Iache ikauke wiki nzima. Kisha jaza maji ukiwa nje uani, siku mbili, ndipo uingize ndani. Likivuja nje umelowesha majani. Likivuja ndani ya duka la fundi cherehani umelowesha sare za kamati nzima ya harusi.

Tangi likijaa linapita kilo 120. Meza ya mbao laini usiliamini. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea stendi ya chuma cha engo, nami nikalaza juu yake lile povu jeupe linalokuja kwenye boksi la televisheni, maana kioo hakipendi kukaa juu ya kitu chenye kigongo. Liko mbali na dirisha, kwa sababu jua la mchana hugeuza maji kuwa supu ya kijani, na halijagusana na meza ya cherehani. Mtetemo wa ovaloki ukipita kwenye kioo, samaki wanajibana kona moja kama wanafunzi waliomwona mwalimu.

Mchanga ni wa mto, ule mweusi mweusi wa kwetu. Kuuosha ndiko kunakochosha kuliko vyote. Unaosha, unamwaga, unaosha, mpaka maji yatoke meupe. Mawe ya volkano yamejaa kila shamba, chukua. Jiwe usilolijua lidondoshee siki au ndimu. Likitoa povu lina chokaa, liache, litakubadilishia maji. Nimeongeza chungu kilichovunjika nusu, nimekilaza ubavu. Chungu hicho ndicho kilichokuja kuwa ikulu, nitaeleza.

Halafu kuna sehemu ambayo watu hawaniamini: tangi linakaa bila samaki kwa wiki nne mpaka sita, na katika wiki hizo unalilisha. Kila siku nilikuwa natia punje kidogo za dagaa waliosagwa kwenye maji matupu. Mangi wa duka la vyakula la jirani alivumilia siku kadhaa, mwisho akaja kuniuliza kwa upole kama nyumbani ni salama.

Sababu ni hii. Samaki hutoa amonia, kwa mashavu na kwa kinyesi, na chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia vile vile. Ni sumu. Wapo bakteria wanaoila amonia na kuigeuza nitriti, nayo bado ni sumu. Wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia ikiwa unabadilisha maji. Bakteria hao huja wenyewe, huzaana polepole, na penye baridi huzaana polepole zaidi. Hukaa kwenye mchanga, mawe, na hasa kwenye sponji. Chujio langu ni kipande cha sponji kilichovishwa bomba dogo, na pampu ndogo ya hewa inavuta maji kupitia humo. Ukitia samaki siku ya kwanza, amonia inapanda kabla bakteria hawajafika, na wiki ya pili unazika. Vijikaratasi vya kupima niliagiza, vikaja na basi. Vikionyesha amonia sifuri na nitriti sifuri huku unaendelea kulisha, tangi limeiva.

Na sponji usiisuuze kwa maji ya bomba yenye klorini, utawaua wale wale bakteria uliowasubiri mwezi mzima. Ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Maji mapya ya bomba yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha klorini itoke. Nabadilisha kama robo kila Jumatatu, siku ambayo wateja ni wachache. Ya zamani namwagia migomba.

Sasa uvuvi.

Mabogini iko kusini mwa mji, njia ya kiwanda cha sukari cha TPC. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, na maji yake yanatoka Mto Rau na chemchemi ya Njoro. Shemeji yangu ana majaruba huko, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Usiende tu na ndoo kwenye mfereji wa watu. Maji yale yana wenyewe, yana zamu, na mtu anayechokoachokoa mfereji bila salamu anaonekana anaiba maji. Mwone mwenye shamba, mwone na kiongozi wa watumia maji. Ndani ya hifadhi usiingie kabisa, iwe msitu wa Rau au mito iliyo kwenye hifadhi ya mlima. Kama una mawazo ya kuuza, pita ofisi ya uvuvi ya wilaya kwanza, hiyo ni biashara yenye leseni.

Chandarua pia usitumie. Ni kosa kuvulia chandarua, na chenye dawa kinaua hata usiowataka. Mimi nilijishonea kipepeo, yaani kiwavu cha mkono chenye mpini. Nilichukua shela, ile nyepesi ya veli ya bibi harusi iliyobaki kwenye kazi, nikaishona kama mfuko wa kina kirefu, pindo pana, nikapitisha waya mnene wa sengenge na kuufunga kwenye mpini wa ufagio. Shela haikwaruzi magamba. Katika vitu vyote nilivyowahi kushona, huo mfuko ndio wateja wanaouliza kidogo na mimi ninaojivunia sana.

Vaa mabuti ya mpira. Hili sisemi kwa utani. Mifereji ya mpunga ina konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi ukiwa umesimama tu majini. Mwanangu Godi, mtoto wa dada yangu, alitaka kuvua viatu kama watoto wa pale wanavyofanya. Nikamwambia arudi kwenye bajaji akakae. Akavaa mabuti. Kwa sababu hiyo hiyo maji ya mfereji hayaingii kwenye tangi langu, wala konokono wake. Majani ya majini niliyotoa kule nililoweka kwenye beseni peke yake kwa siku kadhaa, nikayakagua jani moja moja kwa miwani ya kutungia uzi, nikatoa konokono na yale mafungu ya mayai yanayofanana na makamasi. Nilikuta pia mdudu mmoja wa kahawia, mpana, mwenye macho makubwa. Huyo ni mtoto wa kereng'ende. Anaishi majini kabla hajaota mabawa, ana taya linaloruka mbele kama mkono, na anakula samaki wadogo. Alirudishwa kwao.

Muulize pia shemeji wamepuliza dawa lini. Wakishapuliza mpunga, kaa nyumbani.

Wanapatikana wapi? Usihangaike katikati ya mfereji mkuu, maji yana kasi. Nenda kwenye vijifereji vya kutolea maji, penye majani yaliyoinama na kivuli. Unatia kipepeo chini ya majani, unakung'uta majani kwa mguu, unainua. Unachopata kwanza ni tope, majani, na viluwiluwi wa vyura. Halafu kitu kinametameta.

Kambale mdogo akiingia, mwache. Anavutia akiwa na urefu wa kidole, na ndevu zake zile, lakini huyo baada ya muda atakula wenzake wote, kisha ataomba na wewe. Perege wadogo waache pia. Wanakua wakubwa, na siku hizi mito na mabwawa yamechanganyika. Sato wa asili ya Mto Nile amesambazwa kwenye mabwawa ya watu, anatoroka, anazaa na wenyeji, na watoto hujui uwaite nani. Utapata pia visamaki vidogo ambavyo madume yake yana mikia ya rangi. Hivyo ni vya Amerika Kusini, vilisambazwa duniani kwa ajili ya kula viluwiluwi vya mbu. Vizuri, lakini si wa kwetu, na mimi nilikuja kwa wa kwetu.

Niliobeba ni wa aina tatu, jumla kumi na wawili. Tangi la lita 90 halitaki zaidi. Walisafiri kwenye ndoo ya lita 20 yenye maji theluthi moja tu, maana hewa iliyo juu ya maji ndiyo inayowasaidia, na mfuniko juu kwa sababu wanaruka. Nyumbani walikaa kwenye beseni kubwa peke yao wiki mbili niwaone kama wana ugonjwa. Mmoja alikuwa na vidoa vyeusi kama vya kalamu. Vile ni vimelea ambavyo maisha yao yanahitaji konokono na ndege. Kwenye tangi lisilo na konokono haviambukizi mwingine. Kuwahamisha kutoka maji hadi maji nilitumia mpira wa dripu wa duka la dawa, ule wenye kigurudumu cha kupunguza mwendo. Tone, tone, tone, kwa saa nzima, nami naendelea kudarizi.

Aina ya kwanza ni mdogo wa fedha, mwenye ndevu fupi mdomoni na doa la rangi ya chungwa kwenye kifuniko cha shavu, kama mtu aliyepakwa rouji upande. Wataalamu wanamwita Enteromius kerstenii. Jina hilo linamkumbuka Otto Kersten, Mjerumani aliyepanda Kilimanjaro na Karl Klaus von der Decken mwaka 1862. Walipita mita 4,000 wakarudi bila kufika kileleni. Aliyemweleza samaki huyu kitaalamu, mwaka 1868, ni Mjerumani mwingine, Wilhelm Peters wa Berlin. Wateja wangu wa Kichaga wanaipenda sana habari hii, kwamba mzungu alishindwa mlima akaachiwa samaki wa mfereji. Hawa wanakaa kwa kundi. Ukiwaweka wawili wanajificha. Wakiwa sita wanazunguka tangi lote wakiwa wameelekea upande mmoja. Umeme ukikatika na pampu ikanyamaza, hao ndio wa kwanza kupanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo nawatumia kama king'ora. Nina pampu ndogo ya kuchaji kwa ajili yao.

Aina ya pili ni ndugu yake, Enteromius paludinosus, asiye na doa, wa fedha mtupu, mwenye mwiba wa mgongoni ulio na meno kama msumeno. Mwiba huo unanasa kwenye shela. Usimvute, kata shela. Zaidi ya hapo sina la kumsifia. Anakula.

Aina ya tatu ndiyo inayosababisha watu wasahau magauni yao.

Watu wa Kanda ya Ziwa wakimwona wanasema huyu ni furu. Hawajakosea sana, ni ukoo huo. Wa bonde letu la Pangani wanaandikwa Astatotilapia bloyeti. Akitoka kwenye mfereji ni wa rangi ya tope, mwenye mstari mweusi unaopita jichoni, hana cha kukufanya umtazame mara mbili. Nilipata dume mmoja na majike matatu, ingawa wakati huo sikujua nani ni nani. Baada ya kuzoea, dume akabadilika. Ubavu ukawa na rangi ya buluu na manjano, mapezi yakawa na ukingo mwekundu, mstari wa jichoni ukakolea kama wanja. Akaingia kwenye chungu kilichovunjika, akaanza kuchimba. Anabeba mchanga kwa mdomo, anautema nje, anarudi. Siku nzima. Chungu kikawa chake, na yeyote anayepita mlangoni anafukuzwa, hata Enteromius ambao hawana habari naye.

Kwenye pezi lake la chini, karibu na mkia, ana madoa ya mviringo, ya manjano yenye duara hafifu pembeni. Kumbe yana kazi. Jike akija chunguni wanazunguka, kichwa kwa mkia. Jike anataga mayai machache, anageuka mara moja na kuyachukua mdomoni kabla dume hajayarutubisha. Ndipo dume anatandaza lile pezi mbele yake na kulitikisa. Jike anaona mengine yamebaki, anasogea ayaokote, anapodonoa pezi anavuta mbegu za dume mdomoni, na mayai yanarutubishwa humo humo. Mjerumani Wolfgang Wickler aliandika mwaka 1962 kwamba madoa yale ni mayai ya bandia. Wengine baadaye wakabishana naye kuhusu ni kiasi gani hasa jike anadanganyika. Mimi nimekaa na kikombe cha chai nikaangalia, na ninachoweza kusema ni kwamba anadonoa.

Baada ya hapo jike anajitenga nyuma ya jiwe, kidevu kimevimba, mdomo umefungwa. Hali kitu kwa wiki mbili hadi tatu. Nikitia viluwiluwi vya mbu wote wanarukia, yeye anavitazama vikipita mbele ya pua. Ukisogea karibu unaona anatafunatafuna. Anayageuza mayai yapate hewa. Shoga yangu mmoja aliyejifungua mwaka huu alikaa mbele ya tangi muda mrefu bila kusema neno, kisha akasema, "Na yule baba yao anachimba tu mchanga." Ndiyo, shoga, anachimba tu mchanga.

Siku watoto wanapotoka ni wadogo mno, kundi zima mbele ya uso wa mama. Kivuli kikipita, mama anafungua mdomo na wote wanarudi ndani. Watoto wa shule ya jirani waliposikia, ilibidi niwapangie foleni.

Chakula hakinigharimu. Nina ndoo ya maji uani yenye majani makavu, mbu wanataga, nachota viluwiluwi kwa kichujio cha chai kila asubuhi. Lakini lazima kila asubuhi, bila kuruka hata moja. Viluwiluwi vikishajikunja na kuwa kama alama ya mkato, kesho yake ni mbu chumbani kwako, na majirani hawatakushukuru. Siku ambazo sipo namwaga ndoo kabisa. Dagaa wakavu natwanga, natia kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili.

Dawa ya mbu ya kupuliza ndiyo adui mkubwa wa tangi lolote la Tanzania. Nyingi zina sumu ambayo kwa binadamu ni kidogo na kwa samaki ni kifo. Dukani kwangu haipulizwi. Mafuta ya cherehani nayo hayaendi majini, kwa hiyo mikono naosha kwa maji mengi kabla ya kugusa chochote, bila sabuni. Vumbi la vitambaa hudondoka juu ya maji likawa utando, ndiyo maana tangi limevaa kofia ya shela yenye lastiki, nilivyozoea kufunika mitungi ya maji ya kunywa. Kofia hiyo pia inawazuia Enteromius kuruka usiku.

Kijana mmoja aliyekuja kupunguza suruali aliniuliza kwa nini sifugi wale perege wa Ziwa Natron, kwa sababu ni wa mkoa wa jirani na alishawaona. Wale ni samaki wa ajabu kweli, wanaishi kwenye maji ya magadi yenye joto kama la chai iliyoanza kupoa, kando ya chemchemi. Ndiyo maana sifugi. Na perege wa Ziwa Chala, Oreochromis hunteri, hayupo popote duniani isipokuwa ndani ya lile shimo la volkano. Yeye na mwenzake wa Ziwa Jipe wako kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Hao tuwaache walipo, na tusiwapelekee wageni. Samaki akishaingia tangini mwangu harudi mtoni, hata mtoto aliyezaliwa humu, hata kama mfereji ni ule ule wa baba yake, maana sijui amebeba ugonjwa gani nisiouona.

Kwa hiyo watoto wamenizidi. Nagawa bure, ila naangalia. Uwe na tangi lililoiva, si bakuli. Uwe na kifuniko. Usiwe na wifi Arusha. Njoo na ndoo yako, siku yoyote ya wiki, lakini Jumamosi usije. Jumamosi kuna watu wanasubiri nguo za kuvaa saa nane, na mtu akija na ndoo siku hiyo nitamkabidhi sindano.